Mtoto kaona filamu ya volkano, hataki tena kulala

Pole sana dada. Nimekuelewa: kijana wako wa miaka tisa kaona filamu ya volkano inayotaka kumeza mji mdogo, na sasa hataki kulala chumba kinachotazama mlima wa Mlimwa hapa Dodoma. Usimcheke, wala usiishie kumwambia "hiyo ni sinema tu".

Mpeleke jioni kwenye yale mawe makubwa yaliyo karibu nanyi, ayaguse. Ni graniti, miamba ya kale mno, si volkano. Volkano yetu iliyo hai, Ol Doinyo Lengai, iko kaskazini kule karibu na Ziwa Natron. Ililipuka kwa nguvu 2007, na Dodoma watu waliendelea na shughuli zao.

Chunga zaidi maneno ya wakubwa. Ile tope ya mlima Hanang ya Desemba 2023 kuna walioiita volkano, kumbe ni mvua iliyoporomosha mlima. Mtoto husikia kila kitu.

Ila usimdanganye kwamba ardhi ya Dodoma haitikisiki. Tuko Bonde la Ufa, tetemeko hutokea. Mfundishe kuingia chini ya meza imara, mbali na kabati la vyombo.

Usiku, simu ikae mbali. Asirudie kutazama vile vipande vya filamu vya gari kupita juu ya lava, ule uji wa mawe ya moto (uongo mtupu, matairi yangeungua).

Wiki tatu nne zikipita bado anashtuka usiku au anagoma kwenda shule, nendeni hospitali mwombe kuonana na mshauri wa watoto.