Jibu: Kwa nini petali za ua la karatasi hazilingani

Ndugu, umeuliza kwa nini petali tano za ua lako la kusudama (ua la Kijapani la karatasi zilizokunjwa na kugundishwa pamoja) hazilingani ilhali unafuata maelekezo yaleyale, kwa nini ncha zake huchanika, na kama zilizoharibika zitupwe. Kwa jinsi ulivyoeleza, kasoro haiko kwenye gundi, bali kwenye mkunjo wa kwanza kabisa. Kunja karatasi kwa ulalo upate pembetatu, kisha utazame kingo zake: zikipishana hata milimita moja, karatasi hiyo si mraba kamili au mkunjo haukukaa sawa, na tofauti hiyo itazidi kuonekana unapopandisha pembe mbili hadi kileleni, unapozirudisha chini, na unapofungua mifuko yake na kuilaza. Vipande vilivyokatwa kwa mkono kutoka karatasi ya A4 huwa na tatizo hili mara nyingi.

Zilizoharibika usizitupe. Zifungue, uzilaze kando ya ile iliyotoka vizuri, ulinganishe alama za mikunjo. Pale unapoona mistari miwili iliyokaribiana mahali palipotakiwa mmoja, ndipo mkono wako uliposita ukakunja upya. Kwa maoni yangu, zoezi hilo hufundisha kuliko video, ambazo aghalabu hupita hapo haraka mno.

Kuhusu ncha zinazochanika, huenda karatasi ni nzito. Yenye gramu 60 hadi 80 kwa mita ya mraba inafaa. Sugua kila mkunjo kwa ukucha, lakini unapoviringisha petali ili kuigundisha, usiibane, kwa sababu ikibanwa hubaki bapa na ua halichanui.