Swali la wiki: Jibu langu liko ndani ya gunia

Wiki hii mmeuliza mabadiliko ya tabianchi yamegusaje afya za familia zetu. Najua wengi watataja joto na mbu. Mimi nanunua na kuuza mahindi na karanga hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwa hiyo nitataja sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye mazao.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Ukame mfupi wa katikati wazee wanaujua. Ila miaka hii naona mvua inakata mahindi yakiwa yanabeba, inakaa wiki tatu, halafu inarudi tukiwa tumeshaanza kuvuna. Zao lililopigwa na kiu halina nguvu ya kujikinga: ganda la karanga linapasuka udongoni, wadudu wanatoboa punje, kuvu inaingia. Joto nalo inalipenda. Mazao yakishaanikwa chini kwenye vumbi na kutiwa gunia yakiwa mabichi, kazi imekwisha. Sumu yenyewe huioni, na kuipika hakuiondoi.

Wengi wetu jina la sumukuvu tulilisikia mwaka 2016, watu wa Chemba, Kondoa na kule Kiteto mkoani Manyara walipoanza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya njano. Waliougua walihesabiwa 68, wakafa 20. Uvumi ulikimbia kuliko maabara. Sisemi tabianchi ndiyo iliyowaua, maana uhifadhi wetu nao tunaujua. Lakini hali ya hewa ya namna hii inaipa kuvu nafasi kila msimu.

Tena wale walikula sumu nyingi kwa mkupuo. Kidogo kidogo cha kila siku hakikulazi kitandani, kinakula ini mpaka saratani, na watafiti wanakihusisha na kudumaa kwa watoto. Sasa mtoto tunamwachisha ziwa kwa uji wa nini? Mahindi na karanga. Tunauita lishe!

Sokoni ukavu tunaupima kwa kuuma punje. Ikilia kaa, imekauka. Nimeuma punje miaka kumi na miwili na sijawahi kupata jino linalotofautisha punje kavu ya unyevu wa asilimia 13 na mbichi ya 16.

Kinachonikera hasa ni karanga. Kina mama tunakaa kuchambua: nzuri zinapanda lori kwenda Dar es Salaam, zilizosinyaa na zenye ukungu zinabaki. Hazitupwi. Zinasagwa, zinaungwa kwenye mboga, tunazila sisi tuliozilima.

Ushauri wa kurudi kwenye mtama na uwele naukubali, vinavumilia ukame kuliko mahindi. Ila navyo usipovikausha vinaota kuvu vilevile.

Nyumbani kwangu tunaanika juu ya turubai, magunia yanalala juu ya mbao. Ugomvi uliobaki ni wa zile karanga mbovu. Mama mkwe wangu njaa za huku anazikumbuka moja moja, hataki kusikia chakula kinamwagwa. Mavuno yaliyopita aliniambia, “Basi wape kuku, mwanangu.” Nikamweleza kwamba sumu hiyo inawadhuru hata kuku. Akaguna, akakaa kimya muda mrefu, kisha akachukua jembe akaenda kuchimba shimo mwenyewe, nyuma ya choo, mbali na banda.

Msomaji, Kibaigwa