Usianze na msasa

Swali lenu la wiki hii ni hili: mtu amenunua upanga nje ya nchi, muuzaji kamwapia kwamba ni wa kale, atajuaje kama ni kweli au kauziwa ukumbusho wa watalii? Mimi nina panga mbili za Kihindi, za aina iitwayo talwar. Wa kwanza niliuamini nisingepaswa kuuamini, na wa pili nikaukataa nisingepaswa kuukataa. Kwa hiyo nina la kusema.

Wa kwanza niliununua Jaipur, India. Muuzaji alisema umetoka katika ngome ya raja, yaani mfalme wa Kihindi, na una miaka 200. Aliponiona nasita, akaongeza kwamba uwanja wa ndege nitapita bila shida yoyote. Laiti ningejua siku ile kwamba maneno hayo hayakai pamoja. India ina sheria ya mambo ya kale, ya mwaka 1972, ambayo kitu cha namna hii inakihesabu kuwa cha kale kikishatimiza miaka 100, na mtu binafsi haruhusiwi kukitoa nchini. Basi duka linalokuuzia upanga wa "miaka 200" mchana kweupe na kukufungia vizuri kwa safari, ama limekudanganya umri, ama linakutia matatani na watu wa forodha. Mara nyingi ni umri.

Usiku huohuo, chumbani, nikaanza kuupekua. Mpini wa talwar una kisahani kule juu, kama sosa ndogo. Katika talwar za zamani mpini kwa kawaida ni wa chuma, na ndani yake ni mtupu. Ule mkia mfupi wa upanga unachomekwa humo na kugandishwa kwa utomvu uliochemshwa, mfano wa lakiri. Nje huoni kitu. Wangu ulikuwa na nati juu ya kisahani, mpya kama ya baiskeli. Nikaifungua kwa vidole. Ndani kulikuwa na fimbo ya chuma nyembamba kama penseli, imechomelewa kwenye upanga, na alama ya kuchomelea iko wazi. Nikasogeza sumaku: bapa likanaswa, mpini haukushtuka. Shaba. Nikaubana upanga kati ya kidole gumba na cha shahada, nikateleza kutoka mpinini hadi nchani. Unene uleule mwanzo mwisho, kama bati lililokatwa kwa mashine. Upanga uliofuliwa kwa ajili ya kupigania huwa mnene karibu na mkono na hupungua kadiri unavyoelekea nchani, la sivyo mkono ungechoka mapema.

Huo umekwisha, hauna hadithi zaidi.

Wa pili niliupata miaka kadhaa baadaye Uingereza, kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani. Enzi za ukoloni silaha nyingi za Kihindi zilipelekwa huko, kwa hiyo kuukuta mahali pale si ajabu. Ulikuwa mweusi mweusi, hauna ala, lakini mpini unameremeta dhahabu. Mimi nilishaumwa na nyoka. Ung'ongo ukinigusa naruka. Nikajiambia weusi huu ni kazi ya tindikali na dhahabu hii ni rangi ya kopo. Nikachukua msasa, nikasugua karibu na ncha ili nimuumbue aliyeutengeneza.

Kutu ya kubandikiza naijua sasa: ni ya rangi ya machungwa, inabaki kidoleni kama unga, tena imeenea sawasawa kila mahali, hata pale ambapo viganja vya watu vingepaswa kuwa vimepita. Ile niliyokuwa nasugua haikuwa hivyo. Ilikuwa nyeusi ya kahawia, ngumu, imeshikana na chuma kama ngozi. Ilinichukua muda kuiondoa, na badala ya kujiuliza kwa nini, nikazidi kusugua.

Baadaye nikampelekea mtu ambaye kazi yake ni kutunza silaha za kale. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani amefanya hivi. Nikanyamaza. Akanionyesha kipande kifupi cha makali karibu na mpini ambacho kimeachwa butu makusudi, jambo la kawaida kwenye talwar. Akanionyesha unene unavyopungua. Kisha akanipa lenzi niangalie mpini.

Hapo ndipo niliposhangaa. Mafundi wa India wana namna ya kupamba chuma kwa dhahabu iitwayo koftgari. Kwanza wanakikwaruza chuma mistari myembamba inayokatana, imesongamana kama chekecheke, kisha wanagongea uzi wa dhahabu juu yake nao unang'ang'ania humo. Dhahabu ikilika, mistari inabaki. Kwenye mpini wangu mistari ilikuwepo, hasa pale kiganja kinaposugua, na juu yake kuna rangi ya dhahabu imepakwa kwa brashi, imeziba hata mabonde. Rangi ni ya juzi, mpini ni wa zamani. Bibi kizee amepakwa wanja.

Kuna vipimo vya haraka pia. Chuma kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa mwaka 1913, kwa hiyo upanga wa namna hiyo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na kuendelea, ingawa inaweza kuwa ya mtu aliyekarabati tu. Ukiona neno "India" limegongwa kwa herufi za Kizungu, jiulize mhunzi wa raja alikuwa anamwandikia nani. Sheria ya Marekani ya 1890 ndiyo iliyodai bidhaa za nje zibebe jina la nchi zilikotoka. Jina la fundi mimi naliangalia mwisho. Assad Allah wa Isfahan, mhunzi mashuhuri wa Uajemi, jina lake linaonekana kwenye panga nyingi mno, za nyakati zilizoachana mno, hata haiwezekani zote ziwe za mtu mmoja.

Na swali lenyewe lina kasoro ndogo, mnisamehe. Mlivyouliza ni kama kitu ni cha kale au cha watalii, kimoja kati ya viwili. Watalii walikuwepo hata miaka 120 iliyopita, na waliuziwa vitu pia.

Upanga wa pili siusugui tena, naupaka mafuta mepesi basi. Kile kiraka cha msasa bado kinang'aa, urefu wa kiganja, na mgeni akiushika hicho ndicho anachokisifia kwanza.