Tanghulu nyumbani, na vita yangu na unyevu wa Dar

Mara ya kwanza kupika tanghulu, yale matunda ya Kichina ya kijitini yaliyovikwa ganda la sukari, Dar es Salaam nilichagua Aprili, masika yamepamba moto, kuta za jikoni zenyewe zinatoka jasho. Nilikuwa nimewaahidi watoto wa dada yangu tunda linalong'aa kama kioo. Kilichofika mezani ni stroberi zilizovaa ute. "Mjomba, mbona inavuta?" aliuliza mdogo wao, uzi wa sukari ukiwa umetoka mdomoni hadi kwenye kijiti. Mama yangu akaonja, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akanihukumu kwa upole: "Mwanangu, hii ni gubiti. Gubiti nzuri, lakini gubiti."

Nimeshaipika mara nyingi tangu siku hiyo, na karibu kila kosa lililoniharibia lilikuwa la maji. Maji ndani ya tunda, maji yaliyobaki kwenye shira, maji ya hewani. Ukinielewa hapo, mengine yote utayabuni mwenyewe.

Mimi tanghulu niliifahamu Harbin, kaskazini kabisa ya China, nilikokwenda kusoma. Januari usiku huko hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na wauzaji hawahitaji friji wala kabati la kioo. Vijiti vinachomekwa kwenye furushi la majani makavu lililofungwa juu ya mti, vinasimama nje hivyo hivyo, vyekundu, vinang'aa chini ya taa za barabarani. Mama muuzaji wa karibu na lango la chuo tulimwita ayi, ambalo kwa Kichina ndilo neno la mama mdogo, na ukimwita hivyo anakuchagulia kijiti chenye matunda makubwa. Ukiuma, ganda linavunjika kama kioo cha taa ya chemli. Halafu unakutana na uchachu.

Huo uchachu ndio watu wanaousahau. Tunda la asili si stroberi bali shanzha, tunda jekundu linalozidi gololi kidogo, lenye madoadoa meupe kwenye ganda. Nyama yake ni kavukavu, ya ungaunga, na chachu kiasi cha kukufumbisha jicho moja. Wachina husimulia kwamba mfalme Guangzong wa utawala wa Song, aliyetawala kuanzia 1189 hadi 1194, alikuwa na mke aliyekataa chakula hadi akakonda, na tabibu akaagiza shanzha zilizochemshwa na sukari, ale kabla ya mlo. Iwe kisa cha kweli au cha kuuzia biashara, ndani yake kuna siri ya upishi: sukari nyingi inataka tunda linaloweza kubishana nayo. Na tunda lenye maji machache haliivujii sukari kwa ndani.

Kwa hiyo ukiwa Dar, Mombasa au Tanga usihangaike kutafuta shanzha. Nenda kwa wauza kunazi. Kunazi iliyoanza kuiva, bado ngumu, ganda halijasinyaa, ndiyo ndugu wa karibu kuliko tunda lolote nililojaribu: ina uchachu, ina nyama kavu, na ganda lake linaishika shira vizuri. Kasoro yake ni kokwa. Harbin walikuwa wanapasua shanzha na kutoa mbegu, wakati mwingine wakajaza maharage mekundu yaliyosagwa na sukari. Mimi kunazi siipasui, maana ukiipasua tu umefungulia maji mlango. Nawatahadharisha walaji, na watoto wadogo siwapi kabisa.

Anayeanza namshauri zabibu za Dodoma. Ganda zima, hakuna cha kumenya, na ikiharibika hukupoteza pesa nyingi. Chenza nayo inafaa ukiitenganisha pande bila kuchana ngozi nyembamba ya kila pande. Ukichana moja, ile kula papo hapo. Stroberi nzuri zipo, lakini ikiwa na doa laini hata moja, iache. Nanasi, tikiti na papai nilishaacha kujaribu. Embe bichi la vipande linakubali ukilianika mbele ya feni mpaka lijikaushe juu, na ladha yake na sukari, wallahi, ni jambo jingine, ila lina muda mfupi sana kabla halijaanza kutoa maji.

Osha matunda mapema, yafute moja moja kwa kitambaa, kisha yaache mbele ya feni saa nzima. Usiyatoe kwenye friji na kuyapeleka moja kwa moja kwenye shira, maana tunda la baridi linatoka jasho na sukari haishiki palipo na jasho. Yachome kwenye vijiti vya mishikaki, matano au sita kila kimoja, na ukate ncha kali kwa mkasi.

Sasa shira. Vikombe 2 vya sukari nyeupe, kikombe 1 cha maji, kwenye sufuria ndogo nzito yenye kina. Sukari ya kahawia ina rangi tangu mwanzo, itakudanganya kwamba shira imeiva. Koroga kabla ya moto tu. Ikishaanza kuchemka, mwiko uweke mbali, na kama mkono wako ni wa kuwashwa, uukalie. Ukikoroga shira iliyokolea, chembe za sukari zinaanza kurudi, na ghafla sufuria nzima inageuka mchanga mweupe. Wapishi wa kaimati wanalijua hili, ndiyo maana wanakamulia ndimu. Nami natia matone machache ya ndimu maji yanapoanza kuchemka, na chembe zilizoganda ukingoni mwa sufuria nazishusha kwa brashi iliyolowa.

Lakini hapa ujuzi wa kaimati unaishia, na ndipo wengi wetu tunapopotea. Shira ya kaimati tunaipima kwa vidole viwili, ikivuta uzi tunasema tayari. Hii usiiguse! Itakuwa inakaribia nyuzi 150 za Selsiasi, mbali sana na maji yanayochemka, na inaganda kwenye ngozi huku inaendelea kuunguza. Nina kovu la ukubwa wa punje ya mchele kwenye kidole cha shahada, lililotokana na mazoea ya Ramadhani. Watoto wakae nje ya jiko mpaka sufuria ipoe. Weka bakuli la maji ya baridi pembeni, la kupimia na la dharura.

Kipimo changu ni macho na meno. Mwanzoni mapovu ni makubwa, yana haraka, mvuke unapanda. Maji yakiisha mvuke unapungua, mapovu yanakuwa madogo, mazito, yamebanana. Hapo nadondosha tone kwenye maji ya baridi, nasubiri lipoe, nauma. Likinata kwenye meno, bado. Likikatika kwa mlio na kuacha meno safi, zima moto bila kuaga mtu. Kama una kipimajoto cha sukari, tafuta kati ya 148 na 152. Kwenye jiko langu la gesi, moto wa wastani, huchukua dakika 15 hadi 20. Kwa mkaa sithubutu, moto unapanda na kushuka unavyotaka wenyewe. Rangi iwe ya chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili, si zaidi. Ikifika rangi ya asali nzito, uchungu umeshaingia.

Mwezi ule wa Aprili nilizima mapema, kwa kuogopa isiungue. Maji yalikuwa bado yamo ndani, na hewa ya nje ikaja kumalizia.

Inamisha sufuria, zungusha kijiti juu juu ya shira mara moja tu, inua. Ganda jembamba ndilo linalovunjika. Ukizamisha mara mbili unatengeneza jiwe. Harbin nilimwona ayi akikibamiza kijiti kwenye ubao laini uliolowana kidogo kisha akikivuta taratibu, sukari ikatandika nje ya ncha kama ukucha wa kioo. Watu wananunua kwa ajili ya huo ukucha. Mimi natumia bamba la marumaru lililobaki fundi alipotengeneza jiko, lakini karatasi ya kuokea nayo inatosha, utaukosa ukucha tu. Baada ya dakika moja au mbili ganda limekauka.

Na uile. Nasema hivi kwa sababu kila mtu ananiuliza itakaa siku ngapi. Haikai. Sukari inanyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kugawa bure. Sebuleni kwangu Julai, kipupwe, nimepata kama saa moja kabla haijaanza kunata. Aprili hata dakika 20 hazikutimia. Friji haisaidii: ukitoa kijiti nje kinalowa umande kabla hujafika nacho mezani. Kama una chumba chenye kiyoyozi, wageni wakae humo, na upike wakiwa wameshafika.

Sufuria usiikwangue, na shira ya moto usiimwage kwenye sinki, itaganda kwenye bomba. Ijaze maji, ichemshe, itajisafisha. Ila mama haniachi nifike huko siku hizi. Anakuja na karanga zilizokaangwa na kumenywa, anazimwaga ndani ya shira iliyobaki ikiwa bado na joto, anageuza mara tatu, anatandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kashata zake zinakaa wiki nzima kwenye kopo lenye mfuniko, na huwa hakosi kunikumbusha.