Mbona zuio la anga juu ya uwanja wa michezo halikuonekana kwenye ramani?

SWALI: Kapteni, nina leseni ya rubani binafsi niliyoipatia hapa Marekani, na mwishoni mwa juma huwa narusha ndege ndogo ya injini moja, kwa kuangalia nje kwa macho. Jumamosi iliyopita nilikagua ramani ya mazuio ya muda ya anga, njia yangu ikawa nyeupe kabisa. Niliporudi, mwalimu wangu akaniambia nimepita karibu na uwanja wa chuo kikuu huku mechi ikiendelea, na kwamba palikuwa na zuio. Zuio gani hilo lisilotangazwa? Na nitajuaje linaanza na kuisha saa ngapi?

JIBU: Lilitangazwa, ila si kwa namna uliyoizoea. Mazuio mengi ya muda, kama ya msafara wa rais au moto wa msituni, hutolewa moja moja, kila moja na tarehe yake, saa zake na duara lake. La viwanja vya michezo ni tangazo moja la kudumu la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, linalohusu nchi nzima mwaka mzima, na halitaji mechi yoyote wala tarehe yoyote. Limeandika masharti tu. Kujua kama masharti hayo yametimia leo kwenye njia yako ni kazi ya rubani. Mimi naona ni utaratibu mbovu, maana unamtaka rubani awe pia mfuatiliaji wa ratiba za ligi, lakini ndio uliopo tangu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001.

Masharti yenyewe ni haya. Uwanja uwe na viti 30,000 au zaidi, na ndani yake pawe na mchezo wa ligi kuu ya besiboli (MLB), wa NFL, yaani ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, au wa futiboli hiyo ya vyuo vya Daraja la Kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Mbio kubwa za magari za NASCAR na IndyCar zimo pia, ila si mazoezi ya kufuzu. Hapo ni marufuku kuruka ndani ya maili 3 za baharini, kuanzia ardhini hadi futi 3,000, tangu saa moja kabla ya muda uliopangwa hadi saa moja baada ya tukio kumalizika. Droni na miamvuli ya kurukia kutoka angani havikusamehewa. Mpira wa kikapu na ligi ya soka hazimo kwenye tangazo hili, hata uwanja ukijaa pomoni. Super Bowl, fainali ya NFL, hutolewa tangazo lake lenyewe lenye duara kubwa zaidi, na hilo utaliona kwenye ramani.

Sasa swali lako la saa. Mwanzo ni rahisi, ratiba ipo. Mwisho ndio mtego, kwa sababu ile saa moja ya baada ya mchezo huhesabiwa tangu mchezo ulipoisha kweli, wala si ulipotarajiwa kuisha. Besiboli haina kipenga cha mwisho. Timu zikitoshana, wanaendelea. Mwaka 2018, mchezo wa tatu wa fainali za World Series mjini Los Angeles ulichukua saa 7 na dakika 20. Rubani aliyekisia saa tatu za mchezo na moja ya nyongeza, kisha akapita pale usiku akiamini anga imefunguliwa, angekuwa ndani ya zuio. Mvua nayo husimamisha mchezo, na televisheni huweza kusogeza muda wa kuanza. Kama huna uhakika kwamba mchezo umekwisha, hesabu kwamba unaendelea.

Kuhusu kimo, angalia kwamba zile futi 3,000 ni juu ya ardhi, ilhali altimita yako inasoma kutoka usawa wa bahari. Denver iko karibu futi 5,280, kwa hiyo pale unahitaji kusoma zaidi ya 8,300 hivi. Na futi 3,000 kamili bado ni ndani.

Utauliza, mbona ndege za abiria hutua LaGuardia, New York, ilhali uwanja wa besiboli wa Citi Field uko jirani tu? Kwa sababu aliyeruhusiwa na mwongoza ndege, na anawasiliana naye, kwa ajili ya kutua, kuondoka au usalama wa safari, hahesabiwi mvunjaji. Vivyo hivyo Ann Arbor: kiwanja cha ndege kimo ndani ya duara la Michigan Stadium, uwanja wa chuo kikuu, na mnara wa kuongozea ndege ndio unaokupitisha. Lakini kufuatiliwa kwenye rada peke yake usikuchukulie kama ruhusa. Uliza waziwazi: “Kuna mchezo uwanjani? Naruhusiwa kupita?” Kwenda kutazama mchezo kutoka juu hakumo katika sababu zinazokubalika.

Kabla ya kuruka, weka alama viwanja vyote vikubwa vilivyo njiani, kisha fungua ratiba za ligi zenyewe siku hiyohiyo. Programu nyingi za marubani huchora maduara haya. Zitumie, ila saa zake si tamko rasmi la FAA. Njia nyepesi kuliko zote ni kupita mbali maili tano au juu zaidi, mchezo uwepo usiwepo.

Na kuhusu Jumamosi yako: kwanza pima njia uliyoruka, huenda “karibu” ya mwalimu ni maili nne. Kama uliingia kweli, tuma ripoti kwa mfumo wa NASA wa kuripoti usalama wa anga, ASRS, ndani ya siku 10. Kosa likiwa si la makusudi, na hujapatikana na kosa jingine la FAA kwa miaka 5, ripoti hiyo inaweza kukuepusha na kusimamishiwa leseni, ingawa kosa lenyewe laweza kubaki kwenye kumbukumbu. Hifadhi kile kipande chenye muhuri wa tarehe watakachokurudishia, ndicho ushahidi wako.