Nimonia kali, antibayotiki na stiroidi kwa pamoja: jibu la aliyepitia pande zote mbili

Dada mleta uzi, pole sana kwa kuuguza. Nimeusoma uzi wote mpaka mwisho. Kwa wanaoingia sasa: mzee wake yuko chumba cha mahututi kwa nimonia kali, anahitaji oksijeni nyingi, kipimo cha damu kimeotesha bakteria, anachomwa antibayotiki, na juzi madaktari wakaongeza haidrokotisoni, ambayo ni stiroidi. Ndugu mmoja kamwambia stiroidi inaua kinga, kwa hiyo familia ikatae. Swali lake la pili ni kwa nini antibayotiki imepangiwa siku 7 wakati zamani watu walikaa nazo wiki mbili.

Msikatae. Sasa nieleze kwa nini, maana ndugu yenu naye hajasema uongo, ila alichosema kinamhusu mgonjwa mwingine. Mgonjwa mwingine huyo ni mtu kama mimi.

Mimi si daktari. Nina baridi yabisi tangu ujana. Predinisoloni, ambayo ni stiroidi ya vidonge, nimeimeza, methotreksati ya kutuliza kinga naimeza hadi leo (mara moja kwa WIKI, wakuu, si kila siku, anayeimeza kila siku inaweza kumuua), na kuna kipindi nilikuwa najichoma sindano za kushusha kinga. Katikati ya sindano hizo nikalazwa kwa nimonia. Kwa hiyo hofu ya ndugu yenu naijua kwa mwili wangu, na faida ya stiroidi pia naijua.

Tuanze na mzee. Nimonia ya kawaida antibayotiki inaimaliza yenyewe. Ikishafika hatua ya mahututi, bakteria wanaweza kuwa wameshaanza kufa na bado mgonjwa anazidi kuzama, kwa sababu chembe za kinga zimejazana mapafuni, mishipa midogo inavuja, vifuko vya hewa vinajaa maji. Antibayotiki haina la kufanya hapo, maana kinachomziba pumzi ni mwili wake mwenyewe. Mwaka 2023 Wafaransa walitoa matokeo ya utafiti uitwao CAPE COD kwa wagonjwa karibu 800 wa nimonia kali, wa hali kama ya mzee. Nusu walipewa haidrokotisoni miligramu 200 kwa siku kwa mshipa, nusu wakapewa dawa isiyo na kitu ndani, na wote wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Kufikia siku ya 28 waliofariki walikuwa asilimia 6.2 kwa waliopata haidrokotisoni na asilimia 11.9 kwa wengine. Maambukizi mapya ya hospitalini, lile jambo ambalo ndugu yenu analiogopa, hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni mahitaji ya insulini, maana stiroidi hupandisha sukari.

Utafiti huo uliwaacha nje wagonjwa wa mafua makali ya influenza, na nitarudi hapo.

Utafiti mwingine ambao kila mchangiaji wa uzi huu angeutazama vizuri kabla ya kumshauri mtu ni RECOVERY wa Uingereza, wakati wa Uviko-19 mwaka 2020. Walitoa deksamethasoni, stiroidi nyingine, miligramu 6 kwa siku, isizidi siku 10, kisha wakahesabu vifo vya siku 28 kulingana na hali ya mgonjwa siku alipoingizwa kwenye utafiti. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia: asilimia 29.3 ya waliopewa dawa walifariki, dhidi ya 41.4 ya wasiopewa. Waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine: 23.3 dhidi ya 26.2. Waliokuwa wanapumua wenyewe bila oksijeni: 17.8 dhidi ya 14.0.

Tazameni namba hizo zinavyoshuka ngazi. Dawa ni ileile, dozi ileile, ugonjwa uleule. Kwa aliye taabani inaokoa sana, kwa wa katikati inaokoa kidogo, kwa anayepumua vizuri hakuna faida na namba zimeegemea upande wa madhara, ingawa tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa ndiyo ilidhuru. Mimi naona hapo ndipo ulipo ugomvi wote wa uzi huu. Anayesema stiroidi inaokoa anamzungumzia mgonjwa wa ngazi ya juu, anayesema inaua kinga anamzungumzia wa ngazi ya chini, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui kitu. Na wewe mkuu uliyeandika kwamba kila ukikohoa unameza predinisoloni siku tatu "kuzuia isifike mapafuni", wewe uko ngazi ya chini kabisa. Acha.

Hata aina ya kimelea inabadilisha jibu. Kwa homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu, utafiti wa Vietnam wa 2004 ulionyesha deksamethasoni ikipunguza vifo. Mwaka 2023 wakaleta matokeo ya watu wazima wenye VVU pekee, ugonjwa uleule, na faida ya wazi haikuonekana. Na kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokokasi, utafiti wa nchi za Asia na Afrika uliochapishwa 2016 ulilazimika kusimamishwa kabla ya wakati: waliopewa deksamethasoni walipata madhara na ulemavu zaidi, na fangasi walichelewa kuisha kwenye maji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana swali la "stiroidi ni nzuri au mbaya kwa maambukizi" halijibiki likiachwa hivyo hivyo.

Sasa upande wangu.

Sindano niliyokuwa najichoma ni tosilizumabu, inayozuia ujumbe wa kinga uitwao interlukini-6. Vidole vyangu, ambavyo asubuhi vilikuwa havifungi kitasa wala kifungo cha shati, vilianza kukunjika vizuri. Nilifurahi mno. Kisha siku moja nikaanza kuchoka ovyo, kikohozi kidogo kikavu, pumzi inakata nikipanda ngazi. Homa hakuna. Nikaenda kituo kimoja cha afya, wakapima CRP, ile damu inayoonyesha kama mwili umevimba kwa ndani. Ikarudi safi kabisa. Nikaambiwa ni uchovu, nikanywe maji, nipumzike.

Ambaye hajawahi kutumia dawa hii hawezi kuuona mtego ulipo. CRP inatengenezwa na ini, na ini huitengeneza likiamrishwa na hiyo hiyo interlukini-6. Mimi nilikuwa nimeifunga mdomo kwa sindano. Mapafu yangeweza kuoza na CRP ingeendelea kusoma kama ya mtu mzima wa afya. Homa nayo inapita njia hiyohiyo. Daktari wa pili, sehemu nyingine, kabla hajagusa hata kipima joto aliniuliza natumia dawa gani. Nilipomtajia akaandika picha ya kifua palepale. Pafu la kulia chini lilikuwa jeupe.

Kwa hiyo kwa wenzangu wa baridi yabisi, lupasi, ugonjwa wa Crohn na mengineyo ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe, mnaotumia dawa za kushusha kinga: kila mnapoingia mlangoni kwa mhudumu wa afya, jina la dawa lianze kabla ya dalili. Hamna homa haina maana hamna maambukizi. Mimi nina karatasi ndogo nyuma ya kitambulisho, imeandikwa jina la dawa, dozi na tarehe ya sindano ya mwisho.

Dawa za kundi la kuzuia TNF, ujumbe mwingine wa kinga, zina mtego wao mwingine. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanza infliksimabu, dawa ya kundi hilo, wengi wao ndani ya miezi michache tu, na kwa wengi kilikuwa nje ya mapafu au kimesambaa. Watu wengi duniani wana bakteria wa kifua kikuu waliolala, mwili umewazungushia ukuta wa chembe za kinga, na TNF ndiyo saruji ya ukuta huo. Ukiitoa, ukuta unabomoka. Tangu wakati huo utaratibu ukawa kupima kifua kikuu kilicholala kabla ya sindano ya kwanza, na kutibu kikionekana. Kama kuna mtu humu anaanzishiwa dawa hizi bila kupimwa, aulize.

Utafiti unaonikaa kichwani zaidi kuhusu bei tunayolipa ni CANTOS wa 2017. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa kanakinumabu, dawa inayozima interlukini-1 beta, nao ni ujumbe wa kinga unaoleta uvimbe, bila kugusa kolesteroli. Kwa dozi ya miligramu 150 matukio ya moyo yalipungua kwa kama asilimia 15, na ikathibitika kwamba kuvimba kwa mishipa ni sehemu ya ugonjwa wa moyo. Ushindi mkubwa. Ila vifo vya maambukizi vikaongezeka, na jumla ya vifo vyote haikutofautiana na ya wasiopewa. Ulichookoa kwenye moyo, kimelea anakidai kwingine.

Kuna mchangiaji aliandika kwamba magonjwa ya viungo na maambukizi ni mambo mawili yasiyokutana. Yanakutana tangu zamani. Salfasalazini, dawa ambayo wengi wetu tulianza nayo, ilibuniwa Sweden na daktari Nanna Svartz miaka ya 1930 mwishoni kwa kuunganisha dawa ya salfa inayoua bakteria na kitu cha jamii ya aspirini, kwa sababu aliamini baridi yabisi inaletwa na maambukizi. Nadharia ikaanguka, dawa ikabaki inafanya kazi. Vidonda vya tumbo vikaenda kinyume chake: vililaumiwa mawazo na tindikali mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha miaka ya 1980 kwamba vingi vinatokana na bakteria, na mwaka 2005 wakapewa Nobeli.

Kuhusu siku 7. Utafiti wa BALANCE, uliochapishwa 2024, ulichukua wagonjwa zaidi ya 3,600 wenye bakteria kwenye damu, katika nchi saba, ukalinganisha siku 7 za antibayotiki na 14. Vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 14.5 kwa waliotumia siku 7 na 16.1 kwa siku 14, yaani wiki moja haikuwa duni. Muulizeni daktari ni bakteria gani aliyeota, kwa sababu utafiti huo haukuwahusisha wenye Staphylococcus aureus, wala wenye kinga iliyodhoofika sana. Staphylococcus aureus bado anahitaji kutibiwa kwa muda mrefu zaidi. Kama si yeye na mzee anaendelea vizuri, siku 7 si ubahili. Kila siku ya ziada ya dawa isiyohitajika inawafundisha bakteria wa tumboni kuizoea, na usugu si hadithi: kwa mwaka 2019 peke yake ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Aliyeuliza kama ni kweli Ujerumani wanatibu lupasi kwa chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe: ni kweli. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Erlangen walichukua chembe za kinga za wagonjwa wenyewe, wakazibadilisha ziwinde chembe B zinazotengeneza kingamwili mbaya, wakazirudisha. Mwaka 2024 waliripoti wagonjwa 15 wa lupasi na magonjwa jirani, wote wakaacha dawa za kushusha kinga. Ni wachache, na tiba yenyewe inahitaji dawa za saratani kwanza kusafisha njia. Mimi nafuatilia kwa karibu, sindano yangu siachi.

Dada, turudi wodini. Kesho waulize haya, kwa upole tu, madaktari hawachukii kuulizwa. Je, amepimwa influenza? Kama ndiyo yenye shida, hesabu za CAPE COD hazimhusu. Sukari yake inapimwa mara ngapi kwa siku, hasa kama ana kisukari, na mliwaambia? Je, kuna dawa yoyote ya kushusha kinga au ya viungo aliyokuwa anatumia nyumbani ambayo haimo kwenye faili? Na stiroidi itakatwa lini? Kwenye utafiti ule ilitolewa siku 4 au 8 kutegemea mgonjwa anavyoitikia, kisha ikapunguzwa taratibu, jumla siku 8 au 14. Akiruhusiwa na vidonge vya predinisoloni hakikisha karatasi ina tarehe ya mwisho. Nimewaona watu wakiendelea navyo miezi kwa sababu tu hakuna aliyewaandikia waache, na wengine wakavikata ghafla baada ya miezi hiyo wakaanguka, maana tezi zao zilishaacha kutengeneza kotisoli, stiroidi ya asili ya mwili.

Ukipata majibu ya bakteria aliyeota, weka jina lake hapa.