Kualisha mgongo na kuvunjwa shingo: hatari iko wapi?

SWALI: Naendesha bodaboda kutwa. Jioni najipinda kushoto na kulia mpaka mgongo ualike. Napata nafuu, ila haichukui saa moja natamani tena. Kinyozi naye hunivunja shingo kila akimaliza kuninyoa. Je, naiharibu mifupa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mlio huo si wa mifupa kusagana, wala si wa pingili (vifupa vya uti wa mgongo) kurudi mahali pake. Pingili hushikana kwa nyuma kwa viungo vidogo vyenye ute. Ukijipinda, nyuso za kiungo huachana ghafla, shinikizo hushuka, na gesi iliyoyeyuka kwenye ute hufanya pengo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI viungo vya vidole vikivutwa, wakaliona pengo likijitokeza pale pale mlio unapotoka. Kiungo hicho hakialiki tena mpaka zipite kama dakika 20.

Nafuu unayoipata ni ya kweli, kwa kuwa misuli hulegea kidogo. Lakini chanzo, yaani kukaa umejikunja juu ya pikipiki, kiko palepale. Tena huenda kinachoalika ni kiungo kilicholegea tayari, si kile kilichokaza. Kujinyoosha taratibu na mgongo ukalia wenyewe hakuna ubaya. Ubaya ni kujipinda kwa nguvu na kwa mshtuko: hapo misuli huchanika, na diski (mto laini ulio kati ya pingili) yenye hitilafu huweza kubana mshipa wa fahamu.

Shingo ndiyo inayotutia wasiwasi hasa. Mishipa miwili ya damu hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo kuelekea nyuma ya ubongo. Kichwa kikizungushwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, ukapata kiharusi hata ukiwa kijana. Hutokea mara chache, lakini kinyozi hana namna ya kujua nani yatamkuta. Mwambie kabla hajashika kichwa: mabega kanda, shingo usizungushe. Ukishazungushwa ukasikia maumivu makali mapya ya shingo au kisogo, kizunguzungu, kuona viwili viwili au ulimi mzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Jioni fanya hivi. Piga magoti, viganja chini, kunja mgongo kuelekea juu kisha uuache ubonyee, polepole, mara 10. Halafu lala chali, vuta magoti kifuani kwa sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Mchana shuka kwenye pikipiki kila saa, utembee dakika mbili.

Mwenye mifupa dhaifu, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, mwenye saratani au aliyetoka kuanguka asialishwe kabisa. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni na kukonda yapimwe kifua kikuu, maana hushambulia pingili pia, hata bila kikohozi. Na ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukaziba au kukutoka wenyewe, au miguu ikaishiwa nguvu, usisubiri kesho.